Ufunguo wa Kisima cha Kitongani

Hapo zamani, lakini si zamani mno, maana vikombe vya kauri vilikwisha kuingia majumbani, palikuwa na mji ukiitwa Kitongani. Nyamazeni basi! Nikimaliza nina swali, na atakayesema "sikusikia" nitamtoa nje.

Kitongani palikuwa na kisima kimoja cha maji matamu. Jumbe Simai akapanda miwa kandokando yake, akazungushia ua, akatia lango na kufuli. "Miwa yangu inaibiwa," akasema. Wanawake wakawa wanateka maji mtoni, ng'ambo ya kilima. Siku moja Zuhura, mwenye mimba ya miezi minane, akateleza na ndoo yake huko kilimani. Mtoto alisalimika, alhamdulillahi. Lakini tangu siku hiyo Zuhura alikuwa akipanda kile kilima huku analia, na mwezi wa tisa huo unabisha hodi.

Mnasema si wangekwenda kwa Jumbe? Walikwenda! Wa kwanza akaenda, akapewa chai na mkate wa kumimina, akarudi kimya. Wa pili akaenda, chai, mkate, akarudi kimya. Wa tatu, chai, mkate, kimya. Maana ada ya Kitongani ilikuwa hii: ukishakunywa cha mtu, humgombi mpaka jua lizame. Na Jumbe alikuwa mwepesi wa kumimina, yule.

Basi palikuwa na msichana, Raya. Alikwenda mji wa mbali kumtazama shangazi yake, akakuta darasa. Watu wanafundishwa namna ya kuunganisha wanyonge mpaka wapate haki yao. Akasoma miezi mitatu, akarudi na daftari limejaa. Ndani yake imeandikwa: kila mwenye nguvu ana kitu kinachomshikilia, kitafute. Raya akatafuta siku tatu, ya nne akaruka.

"Chai!" akasema. "Jumbe anashikiliwa na chai! Twendeni wengi kuliko vikombe vyake. Anavyo ishirini, nimevihesabu harusini."

Akili hiyo! Lakini mnajua aliwaitaje watu? Aliandika karatasi akaibandika ukutani sokoni: "Wanawake wote mnaombwa mkutanoni." Siku ya mkutano alikaa yeye na mbuzi wawili. Karatasi waliisoma, na waliojua waliwasomea wasiojua, kisha kila mmoja akasema, "Wote ndiyo nani? Mimi sikualikwa." Kitongani hualikwi na ukuta, mwanangu. Unaalikwa kwa mdomo, mlangoni kwako, kwa jina lako.

Raya akalia weee, kisha akaenda kwa Bi Kazija, mwalishi, yule anayepita nyumba kwa nyumba kualika watu harusini.

"Nifundishe, bibi."

"Daftari liache hapa. Twende."

Nyumba ya kwanza wakamenya muhogo. Nyumba ya pili wakabembeleza mtoto. Nyumba ya tatu wakasikiliza habari za mguu unaouma, wa kulia, halafu wa kushoto. Kila Raya akitaka kuyataja maji, Bi Kazija anamfinya. "Bado!" Mpaka mwenye nyumba mwenyewe aseme, "Na haya maji, jamani, yatatuua!" Hapo ndipo Bi Kazija anasema, "Basi Alhamisi asubuhi, kwa Jumbe. Umealikwa." Nyumba arobaini, na Raya akafinywa mara arobaini.

Ya arobaini na moja tu iliwakatalia, ya Bi Mwanate, ajuza mwenye mdomo wake.

"Mnakwenda kunywa chai tu, nyie," akasema. "Nendeni zenu huko!"

Alhamisi ikafika. Wanawake arobaini barazani kwa Jumbe, Zuhura mbele na tumbo lake. Jumbe akawatazama, akatabasamu. Kumbe habari amezipata zamani, ameazima vikombe mji wa jirani. Vikombe sitini! Mabirika matatu yanafuka.

"Karibuni, wanangu. Chai kwanza, maneno baadaye."

Raya akapekua daftari lake, hola. Bi Kazija akawageukia watu wake. Amewaleta, awapeleke wapi? Kumkatalia mtu chai barazani kwake ni tusi kubwa. Mikono ikaanza kunyooka. Zuhura akashika kikombe, machozi yanamlengalenga.

Mara huyo Bi Mwanate anapita na kikapu chake, anakwenda kutafuta tambi za kufuturu. Jumbe, kwa maringo tu, akamwita, "Bi Mwanate, nawe njoo unywe!"

"Ninywe nini? Huoni leo Alhamisi? Nimefunga."

Zuhura akarudisha kikombe sahanini.

"Nami nimefunga, Jumbe."

"Nami nimefunga."

"Nami nimefunga."

Wote arobaini! Walifunga kweli? Wako walionuia palepale, Mungu anawajua. Mmoja alikuwa bado anatafuna.

Basi maneno yakaja makavu, bila chai. Zuhura akasimulia alivyoteleza, na alivyokaa pale chini akisikiliza kama mtoto atacheza. Jumbe akatafuta cha kumimina, hakupata wa kummiminia. Akavua ufunguo shingoni.

Lakini Jumbe ni Jumbe. Akasema, "Ufunguo ni mmoja, atashika mmoja, yule aliyelifanikisha jambo hili. Nitajieni jina moja, nyote kwa kauli moja, kabla jua halijazama. Mkishindwa, narudisha shingoni." Akajimiminia chai, akakaa kungoja. Anawajua watu wake.

Raya akasema, "Bila mimi mngekuwa bado mnakuja mmoja mmoja. Nani aliyewaambia adui yenu ni chai?"

Bi Kazija akasema, "Na bila mimi ungekuja na mbuzi wako wawili."

Bi Mwanate akasema, "Na bila mimi mngekunywa nyote, mkarudi kimya."

"Lakini hukuja kwa ajili yetu!" Raya akamrukia. "Ulikuwa unapita tu!"

"Nimepita, ufunguo umetoka shingoni. Wewe ulikaa miezi mitatu darasani, ulitoka?"

Zogo likaanza, huyu na wake, yule na wake. Zuhura alikuwa keshakwenda kusimama kwenye lango la kisima na ndoo tupu, mkono kiunoni, maana kiuno kimeanza kumkata.

Haya, wenzangu. Msiniambie "wote watatu", Jumbe ametaka jina moja. Wala msigombane, mkigombana anacheka yeye. Jua limeshagusa miwa, na Jumbe ameshaunyanyua ufunguo kuurudisha shingoni. Semeni haraka, maana Zuhura hajui kesho atateka wapi: ni aliyejua, aliyekusanya, au aliyetamka? Ufunguo ni wa nani?