Muhanga Aliyeambiwa Hana Uzoefu

Paukwa!

"Pakawa."

Hiyo ndiyo sauti ya watu walioshiba makande? Jibuni kama wenye mapafu. Paukwa!

"PAKAWAAA!"

Haya. Sogeeni motoni. Namkunda, toa mguu kwenye majivu, hatukuchomi wewe, tunachoma viazi. Nimesikia kesho mna mtihani wa Kiingereza, maneno ya milima na mito. Wengine mmeshaanza kulia. Kukariri maneno makavu ni kuteka maji kwa pakacha, kwa hiyo leo tunayafunga kwenye hadithi. Nikisema neno, mnarudisha. Mkinyamaza, nakula viazi peke yangu.

Hapo zamani za kale, kabla dunia haijaota hata tuta la viazi, nchi yote ilikuwa tambarare. Flat kabisa, kama chapati. Ukisimama hapa unamwona jirani wa mwisho wa dunia anachokonoa meno. Ukiwasha moto tu, watu wanakuja wameshanawa mikono. Nchi ya namna hiyo Waingereza wanaiita plain. Semeni!

"Plain!"

Sasa mvua ikinyesha kwenye plain isiyo na mwisho, maji yaende wapi? Hayana pa kushukia. Yanakaa. Yanakaa, yanakaa, yanakaa, mpaka nchi nzima inakuwa tope.

Kwenye tope hilo waliishi Muhanga na mkewe. Muhanga mnamjua? Pua ndefu kama mchi, masikio ya punda, kucha kama majembe yaliyotoka dukani jana. Haimbi, hapandi miti, hagombei uongozi. Alijua kitu kimoja tu duniani, nacho alikijua kwelikweli: kuchimba.

Mkewe alikuwa mjamzito, tumbo limeshuka, siku zimekaribia. Na watu wa ukoo wa Muhanga hawazaliwi juu ya ardhi. Wanazaliwa shimoni, kwenye udongo mkavu. Mtoto wao akizaliwa majini, ndiyo basi tena.

"Bwana," mkewe akasema, "maji yamenifika kwenye vifundo."

Muhanga akachimba shimo, likajaa maji. Akachimba jingine, likajaa maji. Akachimba jingine tena, likajaa maji. Akakaa, akajikuna sikio, akasema, "Hapa ubovu si wa shimo, ni wa nchi. Nikichimba mfereji mpana kutoka huku mpaka kule, maji yote yatashukia humo. Na udongo nikiulundika upande mmoja, juu yake patakuwa pakavu."

"Si achimbe tu?" Namkunda anauliza.

Achimbe tu! Mtoto wewe unaishi nchi gani? Kulikuwa na ofisi.

Ofisi yenyewe ilikuwa ni Mheshimiwa Kiboko, Mwenyekiti wa Tope. Alilala katikati ya nchi, tumbo limezama kwenye uji wa udongo, macho nusu. Kwake tope lilikuwa godoro. Mgongoni alikaa katibu wake, Yangeyange, ndege mweupe peee, anayemla bosi kupe na kumsifia kwa wakati mmoja.

Muhanga akapiga hodi. "Shikamoo Mheshimiwa. Naomba kazi ya kuchimba bonde, maji yapate pa kwenda."

Yangeyange akatengeneza shingo. "Good morning. Una uzoefu wa miaka mitano wa kuchimba mabonde?"

"Nitaupata wapi, ndugu yangu? Bonde lenyewe ndiyo la kwanza!"

"Basi huna uzoefu. Next!"

Wala hapakuwa na next. Alikuwa peke yake.

Akarudi nyumbani. "Wamesemaje?" mkewe akauliza. "Wamesema sina uzoefu." Maji yalikuwa yamefika magotini.

Akaenda tena. "Shikamoo Mheshimiwa. Nimekuja kwa ajili ya lile bonde."

Kiboko mwenyewe akafungua jicho. "Lete watu watatu waliowahi kukuona ukichimba bonde."

"Mheshimiwa, hakuna aliyewahi kuliona bonde."

"Unaona? Hata watu hawakufahamu."

Akarudi nyumbani. "Wamesemaje?" "Wamesema sifahamiki." Maji yalikuwa yamefika tumboni, mke amejipandisha juu ya gogo, anatetemeka.

Akaenda tena. Safari hii hata shikamoo haikuitikiwa. Yangeyange akasema kwa pua, "Thank you for your interest. Nenda nyumbani. Tutakuita."

"Walimwita?" Namkunda anauliza.

Wakikwambia tutakuita, mdogo wangu, jipikie, ule, ulale.

"Kama wewe ulivyoambiwa?"

Namkunda, geuza viazi.

Akarudi nyumbani. "Wamesemaje?" "Wamesema wataniita." Basi mama yule, na uchungu umeshaanza kumchoma kiunoni, akasimama juu ya gogo, akasema, "Watakuita! Mtoto wangu naye nimwambie asubiri kuitwa? Lete baragumu."

"La nini?"

"La msaragambo, bwana wewe! Umesahau desturi zenu?"

Hapo Muhanga akashtuka kama aliyemwagiwa maji. Kweli! Kazi ya kuomba ina ofisi. Kazi ya msaragambo haina. Baragumu likilia, kila mtu anatoka. Mwenye jembe analeta jembe, asiye na jembe analeta kuni, na mzee asiyeweza lolote anakaa pembeni anakosoa. Hakuna anayeulizwa cheti. Na desturi ina neno moja la mwisho: asiyetaka kutoka hasukumwi. Kazi inamzunguka.

Mama Muhanga akavuta pumzi, akapuliza. Puuuu! Puuuu! Puuuu! Na nchi ilivyokuwa plain, sauti haikugonga kitu. Ikafika kote.

Wakaja. Tembo na mkonga wake, Ngiri na meno yake, Nungunungu na miiba yake, Kobe naye akaja, akafika wakati wa kula. Muhanga akapiga mstari kwa ukucha, akasema, "Hapa." Wakaanza. Imbeni na ninyi:

Chimba, tupa!
Chimba, tupa!
Chimba, tupa, mtoto apate pa kulala!

Udongo ukalundikana ukawa kilima. Hill!

"Hill!"

Wakatupa, wakatupa, wakatupa, kilima kikanenepa, kikarefuka, kikagusa mawingu. Huo sasa ni mlima. Mountain!

"Mountain!"

Na walipochimba pakabaki shimo refu lenye kingo mbili, pana, limelala kama mtumbwi mtupu. Bonde. Valley!

"Valley!"

Tembo akabomoa ukingo wa mwisho. Weee! Maji yaliyokaa tangu dunia ianze yakainuka kama watoto waliosikia kengele ya kutoka. Yakakimbia bondeni yanapiga kelele. Mto huo, river!

"River!"

Mto ukateremka mpaka katikati ya nchi, kwenye ofisi. Wachimbaji walikuwa wameshafika huko, wanapanua shimo kubwa la kupokea maji. Muhanga akasema kwa adabu, "Mheshimiwa, sogea kidogo, maji yanakuja."

"Sisogei," Kiboko akasema. "Kikao kinaendelea."

"Mheshimiwa, sogea."

"Sisogei. Nani kakupa kibali?"

"Mheshimiwa, tafadhali, sogea."

"Si-so-ge-i!"

Muhanga akawatazama wenzake. Wenzake wakamtazama. Asiyetaka hasukumwi. Wakachimba kulia kwake, wakachimba kushoto kwake, wakachimba nyuma yake, kazi ikamzunguka. Maji yakafika, yakajaa. Ziwa. Lake!

"Lake!"

Na katikati ya lake kikabaki kipande cha nchi ya zamani, kimezungukwa na maji pande zote, mwenyekiti juu yake. Kisiwa. Island!

"ISLAND!"

Safi. Muhanga hakungoja kuona zaidi. Alipanda mlimani mbio, akachimba pango ubavuni, udongo mkavu mpaka unapiga chafya. Cave. Mkewe akaingia. Wanyama wote wakakaa chini kimya, makande yanachemka, hakuna anayegusa. Wakangoja. Halafu kutoka ndani ya mlima kikasikika kilio chembamba. Nyee! Nyee! Nyee!

Nchi nzima ikapiga vigelegele.

Ila mmoja. Jua lilikuwa limepanda, tope la kisiwani limekauka, limepasuka, na ngozi ya Kiboko inaungua. Katibu? Yangeyange alishahamia mgongoni kwa Nyati, anamwambia good morning. Na Kiboko wa wakati ule alijua tope tu, maji marefu hakuyajua.

"Muhanga!" akaita. "Muhanga weee! Kazi umepata! Njoo uchimbe njia, unitoe hapa!"

Muhanga akachungulia kutoka pangoni, mtoto kifuani, bado ana mavumbi puani. Akauliza taratibu, "Mheshimiwa, una uzoefu wa miaka mitano wa kutolewa kisiwani?"

"Nitaupata wapi, ndugu yangu? Kisiwa chenyewe ndiyo cha kwanza!"

Kiboko akayasikia maneno yake yanagonga mlimani na kumrudia: ndiyo cha kwanza, cha kwanza, cha kwanza. Mdomo wake ukabaki wazi, na mpaka leo akiufungua hajui aseme nini.

"Asante kwa kujitokeza," Muhanga akasema. "Tutakuita."

Kiboko akatazama kulia, akatazama kushoto, akashuka majini polepole, akazamisha uso. Ndiyo maana mchana humwoni, unaona pua na masikio tu, anasikiliza kama ameitwa. Akitaka majani, anangoja giza.

Hadithi yangu imeishia hapo, Kiboko alipozama. Kesho mwalimu akiuliza island ni nini, mwambieni ni mahali anapobaki mtu aliyekataa kusogea. Haya Namkunda, viazi vimeiva. Gawa, anza na wadogo.