Wimbo Mmoja, Jina Moja

Sogeeni, ila niseme mapema: hadithi hii nitaifikisha katikati ya daraja, kisha nitawaachia nyinyi. Asiyependa ubishi aondoke sasa, tusije tukalaumiana.

Mtaa wa Isevya, mjini Tabora, palikuwa na watu watatu na kila mmoja alijaliwa lake. Songoro alijaliwa mikono. Alikuwa fundi seremala, na kitu cha mbao kikivunjika vipande kumi, yeye alikiona bado kizima. Mihambo, karani wa stesheni aliyestaafu, alijaliwa kichwa. Wimbo akiusikia mara moja umeshaingia na hautoki, na ratiba ya treni za ujana wake angekutajia mpaka dakika. Wa tatu alikuwa Kalunde, na huyu watu walishindwa kusema amejaliwa nini. Alikuwa mjane mkimya aliyejua kulima, kupika na kununa. Wengi walimhesabia hayo tu, wakaishia hapo.

Aliyewaunganisha hao watatu ni Nyamizi, mpiga gitaa.

Nyamizi alifundishwa na baba yake, mchochea moto wa treni, aliyenunua gitaa Kigoma kwa mtu aliyekuwa anarudi kwao ng'ambo ya ziwa. Alipiga kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada, lakini ungeapa wapo watu wawili. Aliimba majonzi: wanaume wa safari, vitanda vipana, watoto wawili aliowazaa na kuwazika. Kuanzia Kigoma hadi Dodoma watu walimcheza huku wanafuta machozi, na wenye santuri zake walizifunga kwa kitambaa.

Alikuwa na desturi moja. Mwisho wa kila wimbo, kabla nyuzi hazijanyamaza, alitaja jina la mtu mmoja: yule ambaye wimbo ule ulitokana naye. "Wimbo mmoja, jina moja," alizoea kusema. Alipokuwa msichana aliwahi kutia majina ya ndugu wawili katika wimbo mmoja, wakapigana magongo kwa sababu ya nani katangulia. Tangu siku hiyo hakurudia. Mkubwa mmoja wa serikali alimletea ng'ombe ili aongezwe kwenye wimbo wa mtu mwingine, akarudi na ng'ombe wake. Nyimbo arobaini, majina arobaini.

Basi siku ya Idd, mbele ya watu, mdomo wake ulikwenda upande katikati ya ubeti. Akaanguka kifudifudi na uzito wake wote juu ya gitaa. Mtu akabebwa kwa machela, gitaa likakusanywa ndani ya kanga.

Daktari alisema ni kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, na maneno yakaondoka. Lakini ndani yake Nyamizi alikuwa mzima. Alijua maji yanaitwa maji. Neno lilikuja mpaka nyuma ya meno, halafu likageuka na kurudi lilikotoka, na kilichosikika ni "te, te, te". Aliona watu wanavyomsemesha kwa kelele kama kiziwi, aliona wanavyotazamana. Aibu ikamshika, akafunga mdomo, akageukia ukuta. Mwezi wa pili akaanza kukataa chakula, na majirani wakaanza kuulizana kwa sauti ndogo nani awapigie simu ndugu zake.

Songoro ndiye aliyeomba ile kanga yenye vipande, wengine walipokwisha kuihesabu kuwa kuni. Alitandaza mbao juu ya meza yake akazipanga siku tatu. Mgongo ulitengenezeka, shingo ilitengenezeka, lakini uso wa gitaa ulikuwa umesagika. Ulitakiwa ubao mwembamba, wa zamani, uliokauka kwa miaka mingi, kwa maana ubao mbichi kiangazi cha Tabora kingeupasua. Aliuliza mji mzima, na wakati wote anauliza alijua ubao huo uko wapi. Ulikuwa chumbani mwake. Lilikuwa kasha la mninga alilolichonga mwenyewe kumpa Mwajabu kabla hajamwoa, na ndani yake bado zilikuwa kanga za Mwajabu, mkewe aliyekufa miaka tisa nyuma, ambaye hakumwachia hata mtoto wa kumwita mama. Songoro alilizunguka kasha lile wiki nzima. Siku ya nane akazitoa kanga, akazitia kwenye gunia safi, akashika msumeno.

Alipolipeleka gitaa alilitua kitandani. Nyamizi akageuka kutoka ukutani, mara ya kwanza kwa muda mrefu. Mkono wake wa kushoto ukapanda shingoni mwa gitaa na vidole vikaenda mahali pake vyenyewe. Siku hiyo alikubali uji.

Mihambo naye alikuja kila siku saa nne, akaketi mlangoni juu ya kigoda na kumwimbia nyimbo zake mwenyewe, kuanzia ule wa kwanza kabisa. Sauti yake ilikuwa ya bawaba isiyotiwa mafuta, ila neno hata moja hakukosea. Nyamizi alisikiliza, machozi yakamtoka, mdomo haukufunguka. Wiki tatu zikapita, nyimbo thelathini na tisa zikaisha.

Ukabaki mmoja, ule aliokuwa ameuruka. Mihambo aliujua, na Tabora nzima iliujua. Zamani, wakiwa vijana, alikwenda kumposa Nyamizi kwa viatu vya kuazima. Mazungumzo yamekolea, mwenye viatu akabisha hodi na kuvidai palepale barazani, na Mihambo akarudi kwao na soksi. Nyamizi aliutungia wimbo mkasa ule na jina alilolitaja mwishoni ni la Mihambo. Watoto walimwimbia njiani. Wapiga ngoma waliupiga siku ya harusi yake na mwanamke mwingine. Alikuwa ameapa kwamba wimbo ule hautapita mdomoni mwake mpaka anaingia kaburini.

Siku hiyo aliketi kwenye kigoda chake kama kawaida. Halafu akaanza:

"Kaja kuposa na viatu, karudi na soksi..."

Aliimba ubeti wa kwanza, akaimba wa pili. Alipofika pale pa jina akashindwa kulitamka. Ndipo kutoka kitandani sauti ikamalizia, pole pole lakini neno kwa neno: "Mihambo, viatu vya watu."

Nyamizi mwenyewe alishtuka. Mihambo alicheka, akacheka, mpaka ikawa si kicheko tena. Tangu hapo wakajua kwamba asichoweza kukisema anaweza kukiimba. Akiimba maji, kilichotoka mdomoni ni maji.

Sasa tuje kwa Kalunde.

Kalunde na Nyamizi walikuwa wake wenza, Kalunde mkubwa, Nyamizi mdogo. Mume wao, dereva wa lori la tumbaku, alikuwa amekufa miaka sita nyuma akawaachia ua mmoja wenye milango miwili inayotazamana. Miaka ishirini na minane Kalunde alisikiliza gitaa lile ng'ambo ya ua na kujua mume wake kalala mlango upi. Hawakugombana kamwe, maana kugombana kunataka kusemezana. Salamu zao zilipitia kwa watoto wa majirani. Hata hivyo, Nyamizi alipougua, aliyemwogesha na kumbadilisha nguo alikuwa Kalunde, akifanya hivyo kwa kununa.

Asubuhi moja alimkuta mgonjwa kakumbatia gitaa, mkono wa kushoto unabana nyuzi kwa ufundi wake wote na hakuna mlio, kwa sababu mkono wa kulia, ule wa kupiga, umelala mapajani. Kalunde aliweka sufuria chini. Akapanda kitandani, akaketi nyuma yake, mgongo wa Nyamizi kifuani mwake, akapitisha mkono wake wa kulia chini ya kwapa la mwenzake mpaka kwenye nyuzi.

"Haya, bi mdogo," alisema. "Nionyeshe."

Alikuwa na vidole vya jembe, na mwezi wa kwanza ilikuwa kelele tupu. Akikosea, Nyamizi alimgonga goti kwa mkono wa kushoto, na alikosea sana. Shamba lake la karanga lilimezwa na magugu msimu ule. Lakini Kalunde aligundua kitu: mapigo hayakuwa kwenye nyuzi, yalikuwa mgongoni. Nyamizi akivuta pumzi, alijua ubeti unaanza. Bega likizama, alijua gumba lishuke. Mwaka na nusu walikaa hivyo, wanawake wawili gitaa moja, mmoja anabana na mwingine anapiga. Siku moja majirani waliokuwa wanateka maji waliacha ndoo zikafurika. Wimbo ulikuwa unatoka mle ndani, na ungeapa wapo watu wawili, na safari hii kiapo kingekuwa cha kweli.

Habari zikafika redioni. Wakaleta ujumbe: Jumamosi tunakuja na vyombo vya kurekodi, Mama atuimbie wimbo mpya.

Wimbo mpya ulikuwepo. Nyamizi aliujenga kwa miezi minane, mstari kutoka wimbo huu, mstari kutoka ule, kwa kuwa maneno mapya yalimlemea. Kilichobaki kipya ni jina tu. Wote walijua kwamba wa arobaini na mbili hautakuwepo, maana daktari alikwisha kusema kiharusi cha pili hakipigi hodi.

Alhamisi Songoro alikuja, akajifanya anakagua kigingi cha kukazia uzi.

"Mimi mwenyewe sina shida ya kutajwa," alisema bila kumtazama. "Lakini ule ubao si wangu. Ni wa Mwajabu. Nikifa mimi, duniani hakuna atakayelitamka jina lake. Sauti unayoitoa inapita kifuani mwake, Mama. Lifikirie hilo."

Mihambo alikuja saa nne yake.

"Wengine wanaomba kutajwa," alisema. "Mimi nilishatajwa, miaka arobaini natajwa. Wajukuu zangu wanaulizwa shuleni kuhusu soksi. Mlango ulioitoa sauti yako ni aibu yangu, na niliufungua mwenyewe. Naomba jina langu litoke mdomoni mwako mara moja tu, safi."

Jirani mmoja aliyekuwa anapembua mchele pale uani hakuvumilia. "Baba, wewe umeshapata wimbo wako. Waachie na wengine."

"Ule ulikuwa wimbo?" Mihambo alimjibu. "Ile ilikuwa fimbo."

Jirani mwingine akasema waacheni, kidole kimoja hakivunji chawa, wote watatu ni sawa. Ni kweli, lakini methali haikumwambia Nyamizi amtaje nani.

Ijumaa Kalunde alikuwa anamsuka nywele kwa ajili ya kesho. Alisuka nusu ya kichwa ndipo akasema.

"Mimi usinitaje. Wakisikia jina langu watasema mke mwenza alikuwa anautega wimbo." Akasuka mistari mingine miwili. "Nyimbo arobaini zimepita ua huu. Umemtaja mpaka muuza mkaa. Nilikuwa nahesabu, bi mdogo. Usinitaje, lakini ujue nilikuwa nahesabu."

Nyamizi aliuinua mkono wake wa kushoto akaushika mkono wa Kalunde uliokuwa kichwani mwake, akakaa nao hivyo.

Hakuna aliyejua siri yake. Alipokuwa peke yake alijifunza kuyaimba majina hayo, kila moja kwa wiki nyingi: Mwajabu, Mihambo, Kalunde. Yote matatu yalikuwa tayari mdomoni. Aliwapenda wale watu, na upendo ndio uliomtesa. Alijua mawili atakayoyameza yatasikika vilevile, maana wanaoyangoja watakuwa pale pale, na redio itaurudia wimbo kila wiki, wakiwa hai na wakishakufa. Mnaotaka kuniuliza kwa nini asiwataje wote, ulizeni na wale watu arobaini aliowanyima wenzi kwa ajili ya sheria yake. Alikuwa mtu wa neno moja hata maneno yalipomkimbia.

Jumamosi saa tano ua ulijaa. Binti wa redio akafunga waya, akaomba watu wanyamaze. Kalunde akaketi nyuma, mgongo kifuani. Songoro alisimama karibu na mlango, macho kwenye uso wa gitaa. Mihambo alisimama dirishani, midomo inafuata maneno bila sauti, maana yote alikuwa anayajua.

Wimbo ukaenda. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Watu walilia kama zamani, na binti wa redio aliyeletwa kwa kazi naye akalia. Kisha mapigo yakapungua, yakabaki yale ya mwisho, yale anayotajia jina. Mihambo akafunga midomo. Hapo hakupajua. Songoro akainamisha kichwa. Na Kalunde akasikia mgongo wa mwenzake unajaa pumzi, akajua kabla ya mtu mwingine yeyote kwamba jina linakuja, na kidole chake cha shahada kikangoja juu ya uzi.

Mimi nashukia hapa. Pumzi imeshaingia na mdomo umeshafunguka, na mwenye mdomo hawezi kuwauliza ninyi kitu, ndiyo maana nauliza mimi. Marehemu ambaye hana wa kumwita, aliyeaibishwa akarudi na dawa, au mke mwenza aliyekuwa anahesabu? Mwambieni Nyamizi atamke nani, kisha mwendeeni mmojawapo wa wale wawili mliowanyima, na kwa Mwajabu yupo Songoro, mumtazame usoni: mtamwambia nini?