Kiboko Aliyejaza Visanduku Viwili

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, maana wanyama walikuwa wameshajifunza kuandika na kila nyumba ilikuwa na simu, paliishi pimbi mmoja jike kwenye pango la mawe. Mnamjua pimbi? Ni mnyama mdogo, mnene kidogo, miguu mifupi, mkia hana. Akipita njiani wakubwa hawamwoni. Mimi nampenda kupita wote, na leo nitawaambia kwa nini.

Bi Pimbi alikuwa na watoto watatu, na jirani yake alikuwa Digidigi. Chini kidogo ya pango palikuwa na chemchemi. Kiangazi kikija, nyumba zote tisa za kijiji zilikunywa hapo kwa zamu. Maji mengine yalikuwa mtoni, na mtoni kulikuwa na mamba. Mtoto wa pimbi kwa mamba ni tonge moja tu, tena dogo.

Sasa tulieni mnisikilize, maana hadithi yote imekaa hapa. Kijiji kile kilikuwa na blogu yake, yaani ukuta wa matangazo unaosomwa kwenye simu. Kabla ya kiangazi kila nyumba iliandika humo zamu inayoitaka: sisi asubuhi, sisi adhuhuri, sisi jioni. Tangazo jipya lilikaa juu, la zamani likashuka. Siku ya mwisho, saa nne kamili, Mwalimu Korongo alipiga ngoma, akafungua ukurasa wa mbele, akasoma kilichopo. Alichokisoma kikawa sheria ya kiangazi chote. Kisichoonekana mbele hakikusomwa, na ngoma haikupigwa mara mbili.

Mwaka huo mwenyekiti wa kijiji alikuwa Kiboko. Yeye peke yake ndiye aliyepewa ufunguo wa chumba cha mipangilio, mahali panapoamuliwa blogu ionekane vipi. Wengine walikuwa na ruhusa ya kuandika tu.

Ikiwa imebaki siku moja, Bi Pimbi akaandika: "Familia ya Pimbi, watu wanne, tunaomba alfajiri." Akabonyeza, ti. Simu ikajibu, "Tangazo limechapishwa."

Akafungua ukurasa wa mbele aone jina lake. Hakuna jina. Kulikuwa na picha ya Kiboko, mdomo wazi, meno yote nje, na chini yake maneno haya: "Karibuni. Chemchemi ni ya Mwenyekiti asubuhi, mchana na jioni. Wengine mto upo."

"Simu hii imezeeka," alisema Bi Pimbi.

Akaizima, akaiwasha. Kiboko. Akafuta kumbukumbu zote za simu, hata picha za arusi ya dada yake, ikamuuma kweli. Kiboko. Akapanda juu ya jiwe kubwa kutafuta mtandao mzuri, watoto wakining'inia mgongoni, akaandika tangazo lake upya na kulichapisha mara ya pili. Kiboko yuleyule, meno yaleyale.

Akaenda kwa Digidigi. "Jirani, niazime simu yako mara moja."

"Chukua, lakini haitakusaidia," Digidigi alisema. "Langu nimechapisha juzi, nalo limemezwa. Swala naye analia. Hata Nyati, na ukubwa wake wote, jina lake halionekani."

Bi Pimbi akafungua kwa simu ya Digidigi. Kiboko. Akakaa chini, akafikiri. Kama matangazo ya nyumba zote yamekataa kuonekana, basi ubovu si wa simu. Akaandika jina la tangazo lake kwenye kitafutio cha blogu, na hilo hapo, zima kabisa, halina kasoro.

"Halijapotea," alisema polepole. "Limechapishwa, lipo ndani. Ni mlango wa mbele ndio umepangwa vingine. Badala ya kuonyesha matangazo mapya, umeambiwa uonyeshe ukurasa mmoja usiobadilika. Yaani sura ya yule bwana."

"Na ufunguo anao yeye," Digidigi alisema. "Basi tumekwisha. Kesho saa nne Korongo atasoma ukurasa ule, na sisi ni wa mtoni."

Bi Pimbi akawatazama wanawe watatu wakicheza vumbini. Hakulala vizuri usiku huo. Lakini kulipopambazuka alikuwa anacheka peke yake, maana alikumbuka upumbavu wake mwenyewe.

Alikuwa na blogu yake ndogo ya dawa za mizizi. Siku moja, akiwa na haraka, aliingia kwenye mipangilio yake na kukuta visanduku viwili. Kimoja kinauliza, ukurasa wa mbele ni upi? Cha pili kinauliza, ukurasa wa matangazo ni upi? Naye akachagua ukurasa uleule kwenye vyote viwili. Basi ule ukurasa wake mzuri wa makaribisho ukatoweka, na mahali pake pakajaa matangazo. Alihangaika kutwa nzima kabla hajagundua kosa.

"Kosa lile lilinitesa," alijisemea. "Leo litafanya kazi."

Saa tatu asubuhi alikuwa barazani kwa Kiboko.

"Hodi, Mwenyekiti."

"Karibu. Nani huyo? Nasikia sauti, mtu simwoni."

"Niko hapa chini, mzee, karibu na kidole chako cha mguu. Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja kulalamika?"

"Nimekuja kwa habari ya ukurasa wako. Jana nimeutazama kutwa. Nikizima simu na kuwasha, ni wewe. Nikipanda jiweni, ni wewe. Nikaazima na simu ya jirani, bado ni wewe."

Na hakusema uongo hapo, mnashuhudia wenyewe. Kiboko akacheka, ho ho ho, baraza likatikisika na kikombe chake cha chai kikamwagika.

"Picha ile nilipiga mara kumi na nne," alisema. "Meno yalikuwa hayakai sawa."

"Yamekaa, mzee. Ila kuna jambo linanitatiza. Huko kwenye chumba chako cha mipangilio si kuna visanduku viwili?"

"Viwili?"

"Kimoja umekaa wewe. Hicho cha pili, cha ukurasa wa matangazo, amekaa nani?"

Kiboko akavuta kompyuta yake, akaifungua kwa kidole kinene, tap, tap. Akasogeza uso karibu. "Kitupu," alisema. "Hakuna mtu."

"Ahaa. Kwani kuna mwingine kijijini anayestahili kuwekwa humo?"

"Mwingine nani? Nyati? Hata kusoma anasoma kwa kufuata kidole." Kiboko akaanza kukasirika. "Yaani hiki kisanduku kimekaa wazi siku zote hizi, mtu yeyote angeweza kujipachika?"

"Mimi sina la kusema, mzee. Ufunguo ni wako."

Kiboko akachagua ukurasa wake wa Karibuni kwenye kisanduku cha pili pia. Hapo hapo kompyuta ikalia, tii, na maandishi mekundu yakatokea: "Angalizo. Kurasa hizi mbili zisiwe moja."

Moyo wa Bi Pimbi ukaenda du, du, du. Kiboko akayasoma kwa sauti, neno kwa neno. Akageuka.

"Wewe unaonaje?"

Bi Pimbi akainama kwa adabu. "Mzee, mimi ni pimbi. Nani hapa kijijini amewahi kumwambia Mwenyekiti kwamba nafasi mbili ni nyingi kwake?"

Kiboko akafikiri kidogo, akakunja uso. "Mashine nimeinunua mwenyewe, halafu inanipangia mimi!" Akabonyeza Hifadhi kwa ngumi, kwaa. Hakutazama hata matokeo. Akafunga kompyuta, akashuka zake kwenye matope kujipaka kabla ya mkutano, apendeze.

Bi Pimbi akatembea taratibu hadi kwenye kona. Alipopita kona akatimua mbio ambazo pimbi yeyote hajawahi kuzikimbia.

Saa nne, ngoma ikalia, di di di, di di di. Wanyama walikuja vichwa chini. Swala alikuwa ameshafunga mizigo yake ahame. Kiboko alikaa mbele, anang'aa kwa matope. Mwalimu Korongo akavaa miwani, akafungua ukurasa wa mbele. Akasafisha miwani, akatazama tena.

"Soma, Mwalimu," Kiboko alisema. "Usione haya, sifa zisomwe."

Korongo akasoma. "Familia ya Pimbi, watu wanne, tunaomba alfajiri."

Mkutano mzima ukainua vichwa.

"Familia ya Pimbi, watu wanne, tunaomba alfajiri," Korongo akasoma tena. "Hili limeandikwa mara mbili."

"Tulitaka liwe wazi," Bi Pimbi alisema, na watu wakaanza kucheka. Korongo akaendelea. Digidigi, asubuhi. Swala, adhuhuri. Nyati, jioni. Akashuka mpaka chini, nyumba nane, kila moja ikapata zamu yake. Akafunga simu.

Kiboko alikuwa amesimama. "Na mimi je?"

"Tangazo lako halipo, Mwenyekiti," Korongo alisema.

"Mimi natangaza nini? Mimi nina ukurasa!"

"Ukurasa wako hauonekani mbele. Na nyumba yako haikuandika tangazo lolote."

Ilikuwa kweli. Alivyojiona ameshaumiliki mlango, hakuona haja ya kuomba zamu kama wenziwe. Akamgeukia Bi Pimbi, mdomo wazi kuliko ule wa kwenye picha. "Huyu amenidanganya!"

"Amekudanganya kwa neno gani?" Korongo aliuliza.

Kiboko akatafuta neno hilo, asilipate. Alikuwa ameulizwa maswali tu.

"Na aliyebonyeza ni nani?"

"Mimi," Kiboko alisema kwa sauti ndogo, na mkutano ukaripuka vicheko na vigelegele mpaka mawe yakaitikia. Swala akafungua mizigo yake palepale. Digidigi alirukaruka hadi akajikwaa. Kiboko akashika njia ya mtoni, matope yakimkauka mgongoni, na uenyekiti wake ukawa mwepesi tangu siku hiyo.

Alfajiri iliyofuata Bi Pimbi aliteremka chemchemini na watoto wake watatu. Hapakuwa na mtu mwingine. Walikunywa wakashiba, mdogo wao akatumbukia akatolewa akicheka, na mama yao akakaa juu ya jiwe kama bibi arusi, akiwatazama kwa furaha tupu.

Basi shikeni hili, wanangu: aliyelewa sifa hasikii onyo, hata akilisoma kwa mdomo wake mwenyewe.