Kibuyu cha Sangu

Kisa hiki alinipa bibi yangu Nange, tukichoma mizizi ya porini. Mimi sikusoma, wajukuu zangu, ila hiki sijapoteza hata kipande. Mko?

Tuko, bibi.

Basi hapo kale, kale milima ikiwa bado inajigeuza usingizini, watu wetu wa kwanza walikula asali na mizizi. Na wanawake walichora vibuyu. Wanachora kwa ncha ya kisu, wanapaka masizi na mafuta, wanachora tena. Kila mmoja alichora alikopita kwa miguu yake: mstari ni njia, kitone ni maji. Njia ya mwenzio huchori. Na ukifa, kibuyu chako kinavunjwa juu ya kaburi lako, uende nacho.

Aliyewaongoza ni Sangu, mwanamke mwenye kidole cha mwisho kilichopinda. Akafa. Wakamlilia, wakavunja kibuyu chake.

Mvua ikakataa. Ikakataa, ikakataa. Ndipo wakakumbuka: chemchemi ya kiangazi aliijua Sangu peke yake. Wande alikuwa na mtoto mchanga. Mtoto yule hakulia tena, wajukuu zangu. Alifungua mdomo tu, kama kinda.

Mwapo, mdogo wake Wande, akaenda kaburini akaokota vigae.

"Weka chini," wakamwambia. "Vya marehemu hivyo."

"Sivichukui. Namuuliza njia."

"Wewe? Wewe unachimba mizizi huku unasinzia."

"Ndiyo. Na usingizini huwa namwona Sangu anatembea. Tatizo hanisubiri."

Wakacheka kidogo, midomo imekauka. Mwapo akaunga vigae kwa nta ya nyuki. Akaunga, akaunga. Kibuyu kikasimama, na ubavuni tundu. Kigae kimoja hakipo, na mistari yote inaingia humo humo.

Wande akamtazama mtoto wake. "Basi imekwisha."

"Bado, dada. Leteni vibuyu vyenu. Vyote."

Wakavipanga mchangani. Njia za huyu zikagusa za yule, kilima kikakutana na kilima. Katikati pakabaki mahali hapana mstari wa mtu. Hakuna aliyewahi kupita.

"Hapo," akasema Mwapo. "Hapo alipita mmoja tu."

Wakatembea. Jua likawa jeupe, ardhi ikawa kama inaelea, wakatembea kama watu wanaoota pamoja. Siku ya tatu wakaona jiwe, na juu yake alama ya kiganja kwa udongo mwekundu, kidole cha mwisho kimepinda. Cha Sangu. Chini yake, tii, tii, tii, maji.

Wande akamlowesha mtoto midomo. Kimya. Akamlowesha tena. Mtoto akalia. Alilia mpaka wanawake wakakaa chini wakicheka na machozi.

"Tuongoze wewe," wakamwambia Mwapo.

"Nitaongoza, ila sitaijua njia peke yangu. Kila mmoja wetu akachore njia yake kwenye kibuyu cha msichana, yeye mwenyewe angali hai. Tukifa, vyetu vivunjwe."

Ndiyo maana nawafundisheni kuchora, hata mkininunia. Unachokijua mpe mwenzio mikono yako ikiwa bado na joto.

Kisa nimekimimina, kibuyu kitupu. Haya, Abeya, sogeza miguu mwenzio apate pa kujilaza. Laleni.