Kitambaa Kikavu

Wapendwa, kaeni vizuri. Na wewe unayepapasa simu kwenye mkoba, iache kidogo, nina baba mmoja nataka umjue. Msianze kugeuka mkimtafuta humu ndani, nimemtunga mwenyewe jana nikipiga pasi suti hii.

Baba huyu alikuwa na binti mmoja na gari moja jeusi. Binti alimpenda. Gari alilipenda. Kila asubuhi, kabla ya chai, alitoka na kitambaa begani akalifuta gari vumbi. Vumbi la Dodoma hii mnalijua, linaamka kabla yetu. Basi anafuta boneti, anafuta milango, anazungusha mkono, kitambaa kikavu, huku anaguna kwa raha.

Akimaliza, binti anatoka ndani kwenda shule. "Nywele gani hizo? Sauti gani hiyo ya kumsalimia baba yako? Na hiyo sketi, hukuona pasi?" Binti anasema, "Sawa, baba." Kila asubuhi, jamani! Na alikuwa na nia njema, hilo simnyimi. Alitaka mwanawe awe safi kuliko watoto wote wa mtaa.

Binti akakua, akapata kazi, akapanga chumba chake mjini. Nyumbani akawa anakuja siku ambazo baba hayupo. Baba hakuligundua hilo. Mama aliligundua.

Ikafika harusi. Kwao bibi harusi hutoka nyumbani kwa gari la baba, baba amekaa pembeni yake mpaka mlango wa kanisa. Kwenye kikao, mbele ya wajomba na mashangazi, binti akasema kwa upole, "Mimi nitapanda gari la mjomba." Kikao kizima kikatazama sakafu.

Baba alivyoumia! Usiku ule hakugusa ugali. Akamuuliza mkewe, "Nimekosa nini?" Mkewe akamwambia, "Muulize mwenyewe." Sasa nyinyi kina baba, niambieni, alikwenda kumuuliza? Thubutu! Alikwenda kulitazama gari. Akaliona limefubaa, weusi umekuwa kama kijivu. Akajipiga paji la uso, "Kumbe! Mwanangu anaona aibu kupanda hiki kitu." Mama pale nyuma, usimpige mwenzio kiwiko, bado sijamaliza.

Akalipeleka kwa fundi wa kung'arisha rangi za magari, mama mmoja mwenye mabuti ya mpira na mdomo usiochoka. "Fundi, nisaidie. Gari hili ling'ae binti yangu akubali kupanda nami." Na papo hapo, kwa mazoea, akatoa kitambaa begani akaanza kufuta boneti.

"Wee mzee! Toa mkono!" Fundi alipiga kelele hadi kuku wa jirani wakatawanyika. Akalisogeza gari juani. "Hebu inama hapa. Unaona?"

Baba akainama. Juani rangi yote ilikuwa na mikwaruzo midogo midogo, inazunguka, imejaa kila mahali. Akawaka. "Ni watoto wa jirani! Au wale vijana wa kuosha magari stendi!"

"Hapana, baba yangu," fundi akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Mtu mwenye chuki anakwaruza mara moja, mstari mrefu, anakimbia. Hii imefanywa taratibu, na mtu wa nyumbani. Huyu analipenda gari hili. Ni nani analifuta?"

"Ni mimi. Lakini mimi nasafisha!"

"Najua unasafisha. Ndiyo maana hukuacha hata kona. Vumbi ni mchanga, mzee. Ukifuta pakavu, unalisugua gari kwa mchanga. Anza na maji. Mwaga maji mengi, mchanga uondoke wenyewe, ndipo mkono ufuate, tena mkono mwepesi."

"Na hii iliyopo, inatoka?"

"Leo naitoa. Lakini ujue naitoaje. Napunguza rangi ya juu mpaka ilingane na pale ulipokwaruza. Na rangi hiyo ni nyembamba, haiongezeki. Ukirudia mchezo wako, siku moja mashine yangu itafika kwenye bati."

Baba akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Fundi akawasha mashine, akageuka, akaizima. "Mzee, mbona machozi? Hili ni gari tu, litapona."

"Sililii gari," akasema.

Jioni akaenda mjini kwa binti, gari linawaka kwa weusi. Alipofika getini akamsikia anaimba. Amekaa kizingitini, kajifunga khanga, anatafuna hindi la kuchoma. Binti akamwona. Akakatisha wimbo, akaficha hindi nyuma ya mgongo. Mtu mzima, bibi harusi mtarajiwa, anaficha hindi asigombezwe na baba yake!

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Usiache kula. Hebu nikatie na mimi."

Wakakaa pamoja kizingitini, wakatafuna. Kisha baba akasema, "Mwanangu, nimekupenda kwa mkono mbaya. Nisamehe." Binti akaweka gunzi chini. Akasema, "Baba, gari lako halina shida. Halijawahi kuwa na shida. Mimi nilitaka tu nifike kanisani sijalia."

Baba alikuwa na la kujibu, tena alikuwa nalo tayari mdomoni. Akalimeza.

Mnataka kujua kama binti alipanda gari jeusi? Hakupanda. Siku ya harusi alipanda la mjomba, kama alivyosema. Lile linalong'aa lilibaki nyumbani, na baba hakulalamika hata neno. Lakini kabla mlango haujafungwa, binti alipiga kiti cha pembeni yake kwa kiganja, akasema, "Baba, njoo ukae hapa."

Sasa tuseme ukweli, wapendwa. Humu ndani hatuna maadui wa watoto wetu. Tuna watu wenye vitambaa. Tunawaamkia wenzi wetu kwa kosa la jana. Mtoto anaingia na ripoti ya shule, hatujamuuliza kama amekula, tumeshamsugua. Na tukiulizwa tunasema, "Si namwambia ukweli?" Ni ukweli, ndiyo. Mkavu! Bwana wetu naye alishika kitambaa mbele ya wanafunzi wake, na miguu yao ilikuwa na vumbi kweli. Lakini alitangulia kumimina nini? Maji. Alipiga magoti akamimina maji.

Na tusijidanganye kwamba kuomba radhi kunafuta kila kitu, kila mara. Wanaotusamehe wanatoa kitu chao kila wanapotusamehe, nao wana mwisho. Leo tukifika nyumbani, tusikilize tukiwa bado getini. Kuna mtu ndani anaimba. Tukisukuma geti, akanyamaza, tusimuulize kwa nini. Tunajua kwa nini. Tukae naye chini tuombe hindi.