Bi Somoe Alivyomshona Jumbe

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo anaitika na muhogo mdomoni? Tema, kisha uitikie kama mtu. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, zamani hasa, kuku walipokuwa bado hawaogopi wageni, palikuwa na kijiji. Kando ya kijiji palikuwa na kijito, na ng'ambo ya kijito palikuwa na kijiji kingine. Watu wa huku na watu wa kule walikuwa watani. Mtani mnamjua: anakuita tumbili mbele ya wakwe zako, nawe unacheka. Ukinuna, umeshindwa. Akikuchukulia kitu chako kwa utani, huna kesi. Unakikomboa kwa kuku au mbuzi, mnakula pamoja, yamekwisha.

Huko ng'ambo ndiko alikozaliwa Somoe. Hata meno ya pili hajaota, sindano keshaijua. Chwi! sindano inaingia. Suuu! uzi unafuata. Chwi! Suuu! Alishona nyavu, alishona magunia, alishona hata majani ya mgomba yaliyopasuliwa na upepo. Siku moja mjomba wake alijilaza mkekani mchana. Somoe akaona kikoi cha mjomba kimechanika. Chwi, suuu, chwi, suuu. Mjomba akaamka, akasimama, na mkeka ukasimama naye! Akaenda nao mpaka kisimani, akipiga mayowe.

"Mtoto huyu iko siku atashona watu!" akafoka mjomba.

Hakujua kuwa anabashiri.

Somoe akakua, akaolewa huku kijijini. Mume akafa, watoto wakaoa, nywele zikawa pamba. Akaitwa Bi Somoe. Na miaka yote hiyo alishona nini? Viraka! Viraka vya magoti, viraka vya makalio. Makalio ya kijiji kizima aliyajua kuliko mama zao. Na malipo je? "Mungu atakulipa, Bi Somoe." Kila mtu anamtuma Mungu, kana kwamba Mungu hana shughuli zake.

Lakini kila kitambaa kilichobaki alikitia kapuni. Na kila alipofumba macho aliona picha. Mbuzi juu ya paa. Bwana harusi anakimbizwa na bata. Picha zinamcheza kichwani kama ngoma, naye mkononi ana suruali ya mtu.

"Haya ya kichwani nitayashona lini?" akajiuliza. "Nikishazikwa?"

Basi asubuhi moja jirani yake, Mashavu, akaja mbio na suruali begani.

"Hodi, Bi Somoe! Mkwe wangu yumo ndani kajifunga kanga, hawezi kutoka. Nitilie kiraka upesi!"

"Viraka sishoni tena."

"Ala! Hata kesho?"

"Wala kesho. Nashona picha."

"Picha inavaliwa?"

"Haivaliwi."

"Inafungia mzigo?"

"Haifungi."

"Sasa kazi yake nini?"

"Kutazamwa."

Mashavu akacheka mpaka akakaa chini. "Kutazamwa! Utakula nini, bibi wee? Macho ya watu?"

"Nitayala. Kwa chumvi."

Mashavu ulimi wake ulikuwa na miguu. Jua halijafika utosini, kijiji kizima kimeshasikia, na kijiji kizima kimenuna. Aliyenuna kuliko wote ni Jumbe Mwinyigogo, mkuu wa kijiji. Huyo tumbo lilikuwa linatangulia, yeye anafuata. Na kanzu yake ilikuwa imeachia mshono pale pale tumboni. Akapeleka neno: siku ya ngoma ya mavuno, Bi Somoe asiporudi kwenye viraka, sindano itachukuliwa.

Mwanawe akaja kumsihi. "Mama, shona kiraka cha Jumbe, yaishe. Sindano ni hiyo moja."

Ni kweli. Ilikuwa hiyo moja, aliyoachiwa na mama yake. Ikienda, na mikono yake imekufa.

"Nimekusikia, mwanangu," akasema Bi Somoe. Akalimwaga kapu. Chwi! Suuu! Chwi! Suuu!

Siku ya ngoma ikafika. Watu wakatoka, na juu ya ua wa Bi Somoe wakaona nguo imetandazwa, pana kama tanga. Wakasogea. Lo! Ni Jumbe! Jumbe amelala barazani, mdomo wazi, na watu wawili wako mbele yake wanabishania kesi yao. Kofia imemwanguka, na ndani ya kofia kuku anataga! Na yai linachungulia!

Jambo lenyewe lilitokea kweli. Wote waliliona. Hakuna aliyethubutu kucheka. Sasa kicheko cha msimu mzima kikatoka pamoja. Kwa kwa kwa! Wengine wakashikilia miti, wengine wakashikana wao kwa wao.

"Huo mkia wa kuku ni suruali ya baba!"

"Ulimi wa Jumbe ni kanga yangu ya harusi, jamani!"

"Na tumbo?"

Tumbo lilikuwa kanzu kuukuu ya Jumbe mwenyewe.

Mara kila mtu akaziba mdomo. Jumbe huyo, amefika.

"Nani kashona uchafu huu?"

"Mimi," akasema Bi Somoe.

"Lete sindano."

Bi Somoe akaichomoa kwenye kilemba chake. Akamnyooshea, ncha mbele.

"Chukua, Jumbe. Ila kwanza niambie, mimi mzaliwa wa wapi?"

"Wa... wa ng'ambo."

"Na watu wa ng'ambo ni nani wenu?"

Jumbe akakuna shingo. Nzi akapita, zzzz. Kijiji kizima kilikuwa kimesahau! Mwanamke amewashonea makalio miaka yote, wakadhani kazaliwa hapo hapo pamoja na mawe ya jiko.

"Sisikii, Jumbe."

"Watani," akanong'ona Jumbe.

"Basi mtani wako nimekuchukulia tumbo. Lile pale, juu ya ua. Unalitaka, au nilipeleke kwetu wakalitazame?"

Sauti moja ikatoka nyuma: "Komboa!" Ngoma zikadaka: ndu! ndu! "Komboa! Komboa! Jumbe, komboa tumbo!"

Jumbe akaitazama picha. Akamtazama kuku. Akalitazama yai. Tumbo likaanza kutikisika, tiki, tiki, tiki, kisha kicheko kikalipuka, na kanzu, praaa! ikapasuka mpaka kwapani.

"Na kiraka hupati," akasema Bi Somoe.

Jumbe akatoa mbuzi, akaliwa siku hiyo hiyo. Picha akaitundika barazani, na tangu hapo hakusinzia tena kwenye kesi, maana kuku yule alikuwa akimtazama.

Mnadhani yaliishia hapo? Kesho yake ua wa Bi Somoe umejaa watu. Kwa nini Jumbe peke yake? Sisi hatuna vituko? Na mbele ya wote nani? Mashavu!

"Nishone na mimi, Bi Somoe. Lakini unifanye mzuri."

"Uzuri katafute kisimani. Kwangu unakuja ulivyo."

Akamshona na ulimi uliotoka mlangoni ukafika kisimani, na watu wameanikia nguo juu yake. Mashavu akalipa kuku wawili, akaitundika sebuleni, akawa anawaonyesha wageni kwa maringo. Watu wakaja kutoka nyuma ya vilima, na mbuzi, na asali, wakiomba kukejeliwa. Alikuja hata bwana mmoja aliyejisifu hana kasoro. Bi Somoe akampa kitambaa kitupu.

Akala macho ya watu mpaka akanenepa.

Basi sikieni. Kiraka cha nguo yako unaweza kutiliwa na yeyote. Kilichomo kichwani mwako, usipokishona wewe, kitazikwa na wewe.

Na mkwe wa Mashavu? Mpaka leo yumo ndani, kajifunga kanga, anangoja.

Hadithi nimeipiga fundo, uzi nimeukata kwa meno. Anayetaka ndefu zaidi, sindano ile pale.