Kwa Nini Igwila Huita Faya Mara Tatu

Bisha! Nakuomba ubishe, maana nyie wenye vyeti hampitwi na neno. Mimi niliishia darasa la tano, lakini "faya" sikulisoma kwenye kamusi. Kwa Waingereza ni moto, hata ule wa kupikia, na ni amri ya kufyatua bunduki pia. Kwenu mjini ni gari jekundu linalofika nyumba ikishakuwa majivu. Hapa machimboni Igwila ni neno ambalo mtu hatanii nalo.

Zamani liliitwa mara moja tu. Mwingereza aliyepasua mawe ya barabara alikuwa akisimama juu ya jabali, anapaza sauti: "Faya!" Kisha anawasha utambi. Alipoondoka alimwachia Asangwile kazi ya baruti, na Asangwile akalirithi neno vilevile, na sauti ileile ya puani. Alilipenda. Lilimfanya ajione mrefu.

Wanawake waliogonga kokoto chini ya jabali walimsihi. "Baba Tumpe, rudia hata mara ya pili. Wengine tuna watoto mgongoni."

"Kwani bwana mkubwa alikuwa anarudia?"

"Bwana mkubwa mkewe hakuwa huku chini," alidakia Subilaga, mke wa Asangwile, na wenzake wakacheka mpaka nyundo zikasimama.

Asangwile hakucheka. Kurudia, aliona, ni kubembeleza.

Siku moja ya kiangazi aliita, akaona migongo ikikimbilia nyuma ya kichuguu, akawasha, akakimbia. Migongo hakuihesabu. Subilaga alikuwa amerudi kuchukua karai lake, jipya, la wiki ileile. Vumbi lilipotua, karai ndilo lililoonekana kwanza.

Baada ya mazishi Asangwile alipanda jabali bila baruti. Akaita faya, akanyamaza. Akaita tena, akanyamaza. Akaita ya tatu. Alikaa ametega sikio mpaka kivuli chake kikahamia upande wa pili.

Ndiyo maana hadi leo Igwila huita mara tatu, kiberiti kikiwa mfukoni. Mtu yeyote, hata mtoto, akijibu "Bado!", mlima mzima unangoja.

Sasa, kuna kipande nilikiruka. Hiyo "Bado" haikuanza baadaye. Siku ile Subilaga aliita: "Bado, baba Tumpe!" Na babu yangu, ndiyo, Asangwile ni babu yangu, hilo nalo nilikuficha, alimsikia vizuri kabisa. Utambi ulikuwa mrefu bado, wa kukanyagwa ukazimika.

Alidhani mkewe anamtania.